Mkono Unaojua Kuacha

Nipeli ya kutolea upepo kwenye breki ni skrubu ndogo yenye tundu katikati, mara nyingi ya spana namba 8 au 10. Kwenye Corolla iliyozeekea katika upepo wa chumvi wa Tanga, kofia yake ya mpira ilishapotea zamani, maji yakaingia, kutu ikaigandisha kwenye kalipa.

Mwenye pupa hupachika spana ya mdomo akavuta. Kichwa kinalika kona, au nipeli inakatikia ndani, maana kwa tundu lake haina nguvu ya bolti nzima. Hapo kazi imekuwa ya kekee.

Fundi stadi huanza na brashi ya waya, akasugua shina mpaka meno ya kwanza yaonekane. Anadondoshea mafuta ya kulegeza kutu, anayaacha yapenye, hata usiku kucha. Spana yake ni ya ringi, ya pembe 6, inayobana kila ubavu wa kichwa. Anagonga kwa nyundo ndogo, tena na tena, kwa sababu mtetemo hufika palipojificha kutu. Kisha anakaza kwanza, kidogo mno, ndipo anarudisha. Mwanagenzi huduwaa akiona hivyo.

Kutu ikiachia hutoa mlio mkavu, na spana inasogea. Chuma kinachotaka kukatika hakilii. Hulainika mkononi kama mpira. Fundi akiuhisi ulaini huo anaacha papo hapo, anarudia mafuta na nyundo. Kuacha huko ndiko ninakokusifu kuliko yote: nguvu anazo, mwenye gari amesimama pembeni ana haraka, na bado mkono unatii. Moto nao husaidia, ila mafuta ya breki huwaka na mipira ya ndani huungua, kwa hiyo huuweka wa mwisho.

Haya yote ni ili mafuta ya breki yaliyochakaa na kuwa meusi yatoke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: kipimo cha mafuta mapya ya daraja la DOT 4 ni kutochemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kipimo hushuka hadi 155. Kwenye mteremko wa Lushoto kwenda Mombo, mafuta yakichemka pedali huzama bila kushika, na garini kuna watoto wa watu.

Mwisho anavalisha kofia mpya ya mpira. Wengi hawaivalishi. Yeye huivalisha hata isipolipiwa.