Mfuko Ukifunguliwa, Saa Inaanza Kuhesabu

Samaki wanne kati ya sita walinifia siku niliyofuata ushauri wote. Walikuwa wamesafiri zaidi ya saa 30 kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, wakafika wazima. Tangi lilikuwa limewasubiri wiki tano. Nikafungua mifuko, nikawamimina kwenye ndoo pamoja na maji yao ya safari, nikaning'iniza mpira mwembamba na kuacha maji ya tangi yadondoke tone kwa tone ili wazoee polepole. Baada ya saa moja walianza kuhema juujuu. Baada ya saa mbili wanne walikuwa wamelala ubavu.

Miezi saba baadaye, katika tangi hilohilo, samaki wa aina ileile walizaa. Kilichobadilika ni namna nilivyoielewa hesabu moja ya kemia, na hesabu hiyo ndiyo inayoeleza vifo vile na uzazi uliofuata.

Tuanze na samaki mwenyewe. Lamprologus ocellatus ni wa ukoo wa sikilidi, walimo perege, sato na hata kuhe, yule wa Ziwa Tanganyika anayepita urefu wa nusu mita. Huyu wetu ni mdogo sana: dume hufika sentimita tano hivi, jike nne. Kwenye kifuniko cha matamvua ana doa jeusi lenye ukingo wa dhahabu, kama jicho la pili. Huishi chini ziwani, kwenye mchanga usio na mawe ya kujifichia, kwa hiyo nyumba yake ni kombe tupu la konokono aitwaye Neothauma, anayepatikana katika ziwa hilo tu. Humo hulala, humo hukimbilia adui, na humo jike hutaga.

Maji ya Tanganyika yana umagadi. Kipimo cha pH huko hucheza kati ya 8.6 na 9, wakati maji yasiyo na asidi wala magadi husoma 7. Samaki huyu ameumbika kwa maji hayo. Kwa mtu wa pwani hii ni bahati: kisima chetu cha Kinondoni kinapita kwenye miamba ya matumbawe, na birika la chai huota ukoko mweupe kila mwezi. Chokaa inayomkera mama mwenye nyumba ndiyo inayompendeza ocellatus. Nilipima, nikaongeza soda ya kuokea kidogo kidogo hadi pH ikasimama 8.5. Nasema soda ya kuokea peke yake, si ile poda ya keki iliyochanganywa na asidi na wanga, wala si magadi ya kulainishia maharage, ambayo hupandisha pH kwa kishindo.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Samaki hatoi taka kwa njia ya choo tu. Sehemu kubwa ya taka ya mwili wake hutoka kwenye matamvua ikiwa amonia. Majini amonia hukaa kwa sura mbili. Moja imebeba chaji, huitwa amoniamu, na haipenyi matamvua kwa urahisi. Nyingine haina chaji, hupenya na kuunguza. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na sura ya sumu chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5. Kwenye 8.5 ni asilimia 15, na kwenye 9 inapita theluthi.

Rudi sasa kwenye mfuko wa safari. Samaki anapumua ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya kaboni anayoitoa inayeyuka na kuwa asidi dhaifu, pH inashuka, pengine hadi karibu na 7. Amonia nayo inaongezeka saa hadi saa, lakini karibu yote iko kwenye sura isiyodhuru. Uchafu unaomzunguka ndio unaomkinga. Ukifungua mfuko, hewa ya kaboni inatoroka kama inavyotoroka kwenye soda iliyong'olewa kizibo. pH inapanda. Amonia haijaenda popote, ila sehemu iliyokuwa chini ya asilimia 1 inaelekea 15. Nami, kwa kudondoshea maji ya pH 8.5 ndani ya ndoo ile, nilikuwa naisukuma ifike huko haraka. Nilikaa kando ya ndoo nikiamini nawalea, kumbe nawapikia sumu kwa moto mdogo.

Kundi la pili nililipokea hivi. Mfuko uliofungwa ulielea tangini dakika 20, joto likalingana. Nikaufungua, nikachota samaki kwa wavu mdogo, nikawatia tangini hapohapo, na maji ya mfuko nikayamwagia mchicha. Saba waliingia, saba walibaki. Njia hii ina sharti lake: maji ya tangi yawe yameshafanana kwa chumvi na chokaa na yale walikotoka. Ulinganifu huo huandaliwa wiki moja kabla. Ndani ya ndoo umeshachelewa.

Ukishaiona hesabu hiyo, mpangilio wote wa tangi unajieleza. Fundi wa vioo na aluminiamu alinitengenezea la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 likijaa. Chujio ni sponji inayovutwa na pampu ya hewa, kifaa cha bei ndogo, ila sponji ile ni makazi ya bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kukua, na chakula chao ni amonia yenyewe. Ndiyo maana nilikuwa nalilisha tangi tupu chembe za chakula cha samaki kila siku, mpaka kipimo cha matone kikasoma sifuri kwa amonia na nitraiti. Sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini. Klorini ya bomba ingeweza kuwaua bakteria hao.

Mimea nayo imechaguliwa kwa hesabu hiyohiyo. Kwenye maji ya magadi hewa ya kaboni iliyo huru ni haba, hivyo mimea mingi ya dukani hudumaa. Vallisneria, yenye majani kama utepe, na Ceratophyllum, lile gugu lenye manyoya kama mkia wa paka, zote mbili huota pia ziwani Tanganyika na zina uwezo wa kujipatia kaboni kutoka kwenye bikaboneti. Gugu hilo halina mizizi. Linaelea tu na kunywa amoniamu moja kwa moja majini. Vallisneria niliibana kwa mawe pembeni, kwa sababu ocellatus ni mchimbaji na hana heshima kwa bustani ya mtu.

Kisha joto. Vitabu vya Ulaya vinaanza na hita. Dar mwezi wa pili, maji ya sebuleni hufika nyuzi 30, na hapo sehemu ya sumu kwenye pH 8.5 hupanda kutoka asilimia 15 hadi karibu 20, huku oksijeni ikipungua. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji ilishusha nyuzi mbili hadi tatu kwa mvuke tu. Mvuke huondoa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo upungufu hujazwa kwa maji ya mvua. Umeme ukikatika, pampu ya betri ndiyo inayolinda sponji, kwani bakteria nao huvuta oksijeni.

Makombe ya Neothauma sikuwa nayo. Nilitumia ya konokono wa shambani, wale wakubwa wa masika, nikichagua madogo yenye mdomo wa sentimita mbili hivi, nikayachemsha. Makombe yalikuwa kumi na mawili. Jioni ya kwanza jike mmoja alichagua la kwake. Alitia pua chini yake na kulima mchanga, akazunguka upande wa pili akalima tena, kombe likazama taratibu likijigeuza. Kisha akageuka, akapepea kwa mkia, mchanga ukalifunika likabaki tundu tu.

Vifaranga niliviona Jumapili, siku chache baada ya kubadilisha maji, robo ya tangi. Mdomoni mwa kombe lilelile palikuwa na chembe kama ulezi, kila moja ina macho mawili. Nilihesabu kumi na moja, na mama amesimama juu ya kombe akivimbisha matamvua kila kivuli changu kilipopita. Chakula chao ni artemia, kamba wadogo mno, waliototolewa kwenye chupa ya soda: chumvi gramu 25 kwa lita, hewa ikibubujika, na baada ya siku moja na kitu wanavutwa kwa mpira na kusuuzwa kwenye kitambaa. Kidogo, mara mbili kwa siku, kwa sababu kinachobaki kinaoza, na kinachooza ni amonia.

Walipofika sentimita mbili, jirani aliomba wanane. Alinishangaa kwa kuwafunga mwenyewe na kumsindikiza hadi kwake, nyumba ya tatu tu. Nilitaka niwepo mfuko ukifunguliwa.