Forsmark: dizeli iliyosubiri ruhusa ya UPS

Mkasa mnaufahamu. Tarehe 25 Julai 2006, shoti ilipiga kwenye uwanja wa swichi wa kilovolti 400 wa Forsmark 1, Sweden. Volteji ikaporomoka, kinu kikajitenga na gridi, kisha volteji ikaruka hadi takriban asilimia 120, na UPS mbili kati ya nne (vifaa vya betri na inveta vya kulinda umeme usikatike) zikatripu. Vijiti vya kuzima kinu viliingia sawasawa. Hapo sina neno. Ni rahisi kumnyooshea kidole aliyesababisha shoti ile kwa kufungua kitenganishi, lakini kosa lisilo na utetezi lilikuwa limekaa kwenye mchoro wa waya muda mrefu kabla yake: kipimo cha mwendo wa jenereta za dizeli kililishwa na laini ya volti 220 AC inayotoka kwenye UPS.

Tazameni mpangilio ule ulivyojifunga wenyewe. Jenereta zote nne ziliwaka. Swichi ya jenereta haifungi mpaka mfumo uhakikishe kwamba injini imefikia mwendo wake, na kwa mbili kati ya hizo chombo cha kuhakikisha kilikuwa kimezimika pamoja na UPS. Mafuta yapo, injini imewaka, laini haina kitu. Dizeli iliwekwa pale ili laini ya usalama isife pengine pote pakishindwa. Kuifanya ingoje umeme wa UPS ni kumfunga mwokozi kamba moja na anayezama. Mzigo wa kipimo hicho ni mdogo mno, wa kulishwa na betri moja kwa moja bila inveta katikati. Mafundi wa relei za volti 110 DC walilijua hilo zamani: kinachotakiwa kufanya kazi gridi ikiwa imelala hakitegemei AC ya mtu yeyote. Walikuwa pia na mota iliyoendesha jenereta kwa shafti yenye gurudumu zito, na ruko la volteji halipiti kwenye shafti. Leo vyombo hivyo vinaitwa vyuma chakavu.

UPS nazo zina lao. Volteji ikipanda, kinga ya rektifaya inapaswa kukata kwanza ili inveta iendelee na betri. Pale rektifaya na inveta zilikata pamoja, na betri zenye chaji zikabaki hazina njia. Nimelisema hata kwa paneli za volti 24 viwandani: mnunuzi huuliza ampea, dakika za betri na bei, wala haulizi kipi kinakata kabla ya kipi.

Wapo wanaosema ruko lile lilizidi vipimo vilivyotolewa kwa mtengenezaji. Huo ni ushahidi dhidi ya aliyeandika vipimo, kwani kinu kinachokatwa ghafla kwenye gridi chenyewe ndicho kinachosukuma volteji juu, na hilo si jambo geni. Wengine husema laini mbili za usalama kati ya nne, kila moja na UPS na dizeli yake, zilitosha kimahesabu, na kweli zilitosha. Lakini UPS zilizosalia zilikuwa za aina ileile, na hakuna kitu kwenye usanifu kilichozitenga na zilizokufa. Nne za aina moja mbele ya ruko moja hazihesabiwi kama nne. Laini zilizozimika zilirudishwa kwa mikono ya waendeshaji baada ya zaidi ya dakika 20, tena kwa umeme wa nje wa kilovolti 70. Dizeli zao hazikuchangia hata wati moja.