Neno "Nguvu" na Mzigo Lisioumudu: Istilahi za Chipu za Kuchajia Betri

Katika lugha ya kila siku husemwa kwamba betri haina nguvu, au kwamba umeme umepungua nguvu. Matumizi hayo hayana kosa. Kosa huanza pale mfasiri wa maandishi ya ufundi anapolitwika neno hilo moja dhana za volteji, mkondo, nishati na wati kwa pamoja.

Na tuchukue mfano wa chipu inayosimamia kuchaji betri ya simu, kama vile bq24190 ya kampuni ya Texas Instruments. Chipu hiyo huijaza betri na papo hapo huilisha simu yenyewe. Seli ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi, ikiisha huweza kushuka hadi kukaribia volti 3. Lau simu ingetegemea volteji ya betri iliyokwisha, isingewaka hata ikichomekwa kwenye chaja, mpaka betri ipate chaji ya kutosha. Ndiyo maana kati ya betri na mfumo wa simu pana transista. Betri ikiwa chini, transista hupitisha mkondo kwa kipimo, na volteji ya mfumo hudumishwa juu ya kiwango cha chini kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni volti 3.5. Betri ikipita kiwango hicho, transista hupitisha mkondo kikamilifu, na volteji ya mfumo hufuatana na ile ya betri.

Zaidi ya hayo, chipu yenyewe yahitaji umeme wa kuendeshea saketi zake. Saketi zake za msingi hulishwa na upande wenye volteji kubwa zaidi, ama wa chaja ama wa betri. Na kidhibiti kidogo kilichomo ndani yake hutoa umeme wa kuwashia na kuzimia transista zake.

Sasa mfasiri akiandika "nguvu ya mfumo" na "nguvu ya ndani", fundi ataelewa nini? Akisoma kwamba nguvu ya mfumo ni ndogo, je, apime volti au ampea? Huenda akabadilisha betri nzima ilhali kasoro imo katika chipu.

Kipimo cha kuamulia ni chepesi: tutazame kizio. Volteji ina volti, mkondo una ampea, nishati ina jouli, nguvu ina wati. Ama ile "nguvu ya ndani", humo hamkusudiwi wati hata kidogo, bali ugavi wa umeme. Kiingereza hutumia neno moja kwa wati na kwa ugavi. Hatuna sababu ya kuurithi utata huo.

Wako watakaosema kwamba "volteji" ni neno la kutohoa, ilhali "nguvu" ni letu. Lakini "nishati" nalo lina asili ya Kiarabu, na halimtatizi mtu. Tanzania ina Wizara ya Nishati na Kenya ina Wizara ya Kawi, na mambo yanakwenda. Maneno mawili kwa dhana moja huleta usumbufu mdogo. Neno moja kwa dhana nne huharibu kazi.

Hivyo basi, yafaa tuandike "volteji ya mfumo", "kiwango cha chini cha volteji ya mfumo" na "ugavi wa ndani". Neno "nguvu" libaki na wati zake.