Migongo Mitatu ya Millet

Katika mchoro wa Jean-François Millet uitwao Des glaneuses, wa mwaka 1857, wanawake watatu wanaokota masazo kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Wawili wameinama hadi vidole vinagusa ardhi. Wa tatu ameinuka nusu, hajanyooka. Mmoja, mwenye kitambaa cha buluu kichwani, ameukunja mkono wake mmoja mgongoni. Mkono huo ndio ulionifanya nimpende Millet. Aliyewahi kuinama shambani tangu asubuhi anajua kwa nini uko pale.

Kuokota masazo kulikuwa haki ya maskini, kama tunavyokujua kutoka kisa cha Ruthu katika Biblia. Mavuno yakishaondolewa, wanawake na watoto waliruhusiwa kuingia kuokota masuke yaliyosalia, na jua likizama watoke. Nyuma ya wanawake hawa, mbali, Millet amechora marundo makubwa ya ngano, mkokoteni uliosheheni, na msimamizi juu ya farasi. Upeo wa macho ameupandisha juu, hivyo miili iliyoinama imebaki yote ndani ya rangi ya udongo.

Wakosoaji wa Paris walichukia. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa hayajasahaulika, na wapo walioona katika wanawake hao tishio la maskini kuinuka tena. Mimi naona kwanza ujuzi. Millet alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandy, kwa wazazi wakulima, naye akafanya kazi za shamba ujanani. Anajua uzito unakaa wapi mwilini. Mwanamke wake anayetia mkate tanurini anaushika mpini mrefu kama mtu aliyeushika maisha yake yote. Anayesukasuka maziwa apate siagi amesimama kwenye chombo chake huku paka akijisugua miguuni pake, na hamtazami, kazi haijaisha.

Jules Breton, mzaliwa wa Courrières, naye aliwachora waokota masazo, mwaka 1859. Wa kwake wanarudi nyumbani jioni, wima, wamebeba miganda, mwezi mwandamo ukiwa angani. Napoleon III aliununua mchoro huo. Ni mzuri, siubezi hata kidogo. Lakini Breton aliwasubiri hadi kazi ikaisha. Millet aliwachora mgongo ungali unauma, na hapo ndipo ninapoiona heshima kubwa zaidi.

Vincent van Gogh aliliona hilo. Mwaka 1889 na 1890, akiwa mgonjwa huko Saint-Rémy, alikuwa na picha zilizochapwa za kazi za Millet, zisizo na rangi. Alizichora upya kwa rangi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na miongoni mwake wamo mwanamke anayefunga miganda na mwanamke anayesokota uzi.