Cas9 ilivyofikishwa kwenye kiini cha seli kwa mafuta ya dukani

Protini nyingi ni kubwa mno kupenya utando wa seli. Hata seli ikizimeza, huzifungia ndani ya endosomu, vifuko ambavyo yaliyomo mara nyingi huishia kusagwa na vimeng'enya. Kazi ngumu, basi, ni kutoka humo zikiwa bado nzima.

Hapo ndipo wengi walipojidanganya. Mwaka 2003 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walionyesha kuwa dawa za kuua na kuhifadhi seli kabla ya kuzitazama kwa hadubini zilikuwa zenyewe zikisambaza hadi kwenye kiini peptidi zilizotiwa rangi ya kung'aa, yaani minyororo mifupi kama ya protini iliyodhaniwa kupenya seli. Mng'ao ulionekana, lakini haukuwa ushahidi.

Ndiyo maana naithamini kazi ya maabara ya David Liu, Harvard, iliyochapishwa mwaka 2015. Walichukua mafuta yenye chaji chanya, yale yale yanayouzwa kwa kubebea DNA na RNA. Mafuta hayo hunasa kitu chenye chaji hasi nyingi, sifa ambayo protini nyingi hazina. Wakaziunganisha protini walizotaka kusafirisha na protini ya kijani iliyobadilishwa hadi kufikia chaji ya −30. Mafuta yakazishika.

Kipimo chao ndicho kinachonivutia zaidi. Walipotuma Cre, kimeng'enya cha kukata na kuunganisha DNA, kwenye seli zilizoandaliwa kwa kipimo hicho, seli iligeuka nyekundu pale tu Cre ilipofika kwenye kiini na kuikata DNA mahali pake. Protini iliyokwama kwenye kifuko haikuhesabiwa.

Cas9, protini inayokata DNA kama mkasi, haikuhitaji hata nyongeza hiyo ya kijani. Yenyewe ina chaji chanya, ila RNA inayoiongoza hubeba chaji hasi nyingi kiasi cha kuligeuza umbo zima kuwa hasi. Katika seli za maabara, hadi asilimia 80 ya nakala za jeni lengwa zilibadilishwa. Na kwa kuwa protini huoza upesi, mkasi haukubaki kukata ovyo: usahihi wake ulizidi zaidi ya mara 10 ule wa kuingiza DNA ya Cas9.

Mwaka 2018 njia hiyo ilitumika kwa panya wachanga wenye kasoro ya herufi moja kwenye jeni ya Tmc1, ambao hupoteza usikivu hatua kwa hatua. Sindano ya sikio la ndani ilipunguza upotevu wa usikivu. Sikio la ndani, hata hivyo, ni chumba kidogo kilichofungika. Kwenye damu, protini za damu huyazingira mafuta na kuyavuruga, na hicho ni kikwazo kwa njia hii.