Sikio la Fundi wa Manundu

Mzee mwenye Peugeot 404 hapa Manundu hashiki spana kabla hajasikiliza. Huwasha injini na kuiacha ipate moto, kisha huchukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha huigusisha kwenye injini, mpini huuweka sikioni, akafumba macho. Huhama polepole, silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabasi ya Arusha yanapita yakipiga honi, bodaboda zinakatiza, naye hata hageuki.

"Ya tatu inagonga," aliniambia Ijumaa moja. "Lakini leo haiguswi, mwanangu. Tuiache ilale."

Kuseti tapeti za gari hili, yaani nafasi za valvu zake, kunataka injini iliyopoa kabisa. Kesho yake alfajiri nilimkuta ameshafungua kifuniko. Ana vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, vimeshikana upande mmoja kama kurasa za kijitabu. Alipenyeza kimoja, akakaza skrubu kidogo, akakivuta, akakirudisha. Kikipita bure, nafasi imezidi na injini itagonga. Kikikwama, valvu haitafunga sawasawa na mwishowe itaungua. Anachotaka ni kipite kwa kusugua, kama unavyovuta karatasi iliyolaliwa na kitabu. Valvu za kutolea moshi huziachia nafasi kubwa zaidi, maana hizo hupata moto mkali na chuma chake hurefuka. Valvu ni nane. Zile za silinda ya tatu alizirudia mara tano, na mara ya tano sikuona tofauti yoyote na ya nne. Yeye aliiona.

Gari la aina hii lina ukoo wa kuheshimiwa. Lilianza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, lakini umbo lake lilichorwa Italia na Pininfarina, nyumba ile ile iliyochora magari mengi ya Ferrari. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,618, nayo imeinamishwa upande ili boneti ikae chini. Kwa macho ni gari la familia, gia zikiwa kwenye usukani. Hata hivyo lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na tena 1968, yaliyofika mwisho yalikuwa magari saba tu. Mimi hiyo saba naiheshimu kuliko mwendo kasi wowote. Kwenye tope na mawe ya namna ile, gari hufika likiwa limefungwa vizuri na mtu aliyesikiliza.

Saa mbili asubuhi tuliondoka kwenda Lushoto. Safari hiyo mzee huifanya pia na wageni wachache, kwenda na kurudi siku moja, akiwasimulia gari njia nzima. Hadi Mombo ni tambarare na mkonge. Hapo ndipo anaponyamaza. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona kilomita 33, bonde kushoto, jabali kulia, mara zinabadilishana, na ukifika Soni hewa imekwisha kubadilika. Alishusha kioo. Ukuta wa mlima unarudisha sauti ya injini, alisema, kwa hiyo kila kona ni sikio la pili. Silinda ya tatu haikugonga tena.

Nimewahi kusoma kwamba Italia kuna ziara kama hii yetu. Wageni hupelekwa Maranello kuona magari ya Ferrari, kisha mashambani karibu na Modena na Parma kula jibini ya Parmigiano Reggiano. Gurudumu moja la jibini hiyo huwa na uzito wa kilo 40 hivi, hula maziwa zaidi ya lita 500, na hukaa rafuni miezi isiyopungua 12. Likikomaa, mkaguzi huja na nyundo ndogo. Hugonga juu, hugonga ubavuni, akainamisha kichwa. Sauti ikiwa moja pande zote, ndani kumeshikana; ikiwa ya uwazi mahali fulani, kuna ufa. Nilipomsimulia mzee habari hii alisimamisha gari kando ya barabara ili anisikie vizuri.

"Anagonga kwa mkono upi?" aliuliza.

Chakula cha mchana tulikula Irente, kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri nje kidogo ya mji wa Lushoto, ambako hutengeneza jibini, jamu na mkate mweusi wa nafaka ya rai kwa maziwa na matunda ya milimani. Jibini yao ni laini, ina uchachu wa mbali, na mkate ni mzito wa kushibisha. Mzee alikata kipande chake chembamba, akakitafuna muda mrefu bila neno. Kisha akapanga kipande cha pili juu ya mkate, akaufunga kwenye leso kwa ajili ya mama nyumbani.

Tulishuka kwa gia ile ile tuliyopandia, breki akizigusa kwenye kona tu. Mombo alisimama, akafungua boneti, akanipa ile bisibisi.

"Sasa wewe," alisema. "Anza na ya kwanza."