Gauni Lililochimbuliwa Ghalani

Mwaka 1977, furushi la matambara machafu ya kitani lilitolewa kwenye ghala la Makumbusho ya Petrie, University College London, likapelekwa kwa wahifadhi wa nguo wa Victoria and Albert Museum lisafishwe. Walipolikunjua wakakuta gauni: shingo ya umbo la V, mikono na kifua vyenye marinda membamba. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alikuwa amelipata Tarkhan, kusini mwa Cairo, katika uchimbaji wa 1912–13, ndani ya rundo la nguo kutoka kaburi namba 2050. Kwa zaidi ya miaka 60 hakuna aliyejua kwamba lipo.

Kazi iliyofuata inastahili kuangaliwa kwa makini. Kitambaa kilikuwa dhaifu mno, hivyo wahifadhi walikishonea juu ya hariri nyembamba inayoonyesha, ili uzito ubebwe na hariri hiyo. Gauni lilikutwa limegeuzwa nje ndani, kama nguo iliyovuliwa kwa kupitishwa kichwani, na viwikoni na makwapani lina mikunjo ya kuvaliwa. Kwa hiyo si sanda. Kuna mtu alilivaa akiwa hai. Ushahidi huo ungepotea papo hapo kama mtu mwenye haraka angelifua na kulinyoosha.

Likabaki suala la umri. Kaburi lilikuwa limeporwa tangu kale, kwa hiyo vitu vilivyokuwamo havikutosha kuthibitisha tarehe ya gauni. Kipimo cha kaboni cha miaka ya 1980 kilifanywa kwa kitani kilichokuwa pamoja nalo, kikaleta jibu pana mno. Mwaka 2015, maabara ya Oxford ilihitaji nyuzi zenye uzito wa miligramu 2.24 tu, ikapata kati ya 3482 na 3102 KK, kwa uwezekano wa asilimia 95. Hakuna vazi la kufumwa linalojulikana kuwa na umri mkubwa zaidi. Kusubiri kulifaa: vipimo vya kaboni vya zamani vilidai kipande kikubwa mno cha kitambaa.

Lakini maabara hutaja umri tu. Mahali gauni lilipotoka tunapajua kwa sababu namba ya kaburi haikutengana na furushi hilo tangu Misri hadi London. Ingepotea njiani, leo tungekuwa na nguo kuukuu isiyo na kwao.

Makumbusho mengi yamerithi masanduku ya namna hii, na bajeti yake huwa ya mwisho kufikiriwa, baada ya uchimbaji mpya na maonyesho. Naona huo ni mpangilio mbaya. Kufungua furushi la zamani ni uchimbaji kamili: kunahitaji fundi, picha, daftari na fedha.

Wewe uliyekabidhiwa ghala la aina hiyo, anza na lebo. Zinakili zote kabla wino haujafifia, wala usikubali sanduku lolote litupwe kabla halijafunguliwa na mtu anayejua anachokitazama.